Mahali Santuri Iliporuka

Wiki tatu zilizopita nilirudisha ofisini beji, funguo za nyumba mbili za watu, na mkanda wa kumwinulia mgonjwa. Mkanda, kusema kweli, ulikuwa wangu, niliununua mwenyewe, lakini yule dada wa mapokezi aliupokea akautupa kwenye sanduku kabla sijafungua mdomo. Basi. Miaka ishirini na miwili ya kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee wa watu, kutoka Germantown mpaka Annandale, ikaingia kwenye boksi la karatasi. Msimamizi akaniomba niandike mambo mawili matatu kwa ajili yenu mnaoingia kazini sasa. Nikamwambia shule niliishia darasa la nne, nikaenda kuchimba viazi. Akasema, "Mzee Joseph, andika unavyoongea." Hapo alijitafutia mwenyewe, maana mimi nikiongea siendi moja kwa moja.

Vyeo sitavigusa kwa sababu sikupata. Niliingia mhudumu nikatoka mhudumu.

Nilifika nchi hii ya Marekani nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeshalima viazi Kinangop, nimeshapeleka maziwa kwa baiskeli, nimeshaendesha trekta la mwenyewe mpaka nikalipindua. Binamu yangu akaniambia kazi iko, ni ya kutunza wazee. Nikacheka. Kwetu wazee hutunzwa na wake za watoto wao, na hutunzwa pamoja na maneno mengi. Lakini tumbo halikuwa na nafasi ya kucheka sana, nikaenda kusomea. Darasa lilikuwa Annandale, watu kumi na saba na mwanasesere mmoja wa mpira wa kufanyia mazoezi ya kugeuza mgonjwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unachomoka. Siku ya mtihani ukachomokea mkononi mwangu, nikamwambia mwalimu, "Huyu alikuja hivi." Nikapita.

Aliyenifundisha kazi hasa si yule mwalimu. Ni Mama Neema, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye mikono ya kuinua gunia. Ofisi ilinipeleka nizunguke naye wiki mbili. Siku ya kwanza nilikuwa natayarisha maji ya kumwogesha bibi mmoja wa Gaithersburg.

"Baba Ciru," akaniita kwa jina la binti yangu, "hayo maji umeyapima na nini?"

"Na vidole."

"Vidole vyako vya jembe vinajua nini? Pima na kiwiko."

Nikapima na kiwiko. Yalikuwa moto wa kunyonyolea kuku. Tangu siku hiyo sijamwogesha mtu bila kuinamisha kiwiko, na mke wangu anasema hata kuosha vyombo naanza na kiwiko. Yako mengine aliyonipa Mama Neema. Sema unachotaka kufanya kabla hujamgusa mtu. Mguu mgonjwa ndio wa kwanza kuingia kwenye suruali na wa mwisho kutoka. Usimwinue mtu kwa kwapa, mwinue kwa mkanda. Na hili: mzee aliyepoteza kumbukumbu usibishane naye. Akikwambia leo ni Krismasi, mwambie na kwako pia. Akikwambia alikuwa jenerali, piga saluti.

Hilo la mwisho ni zuri, lakini nililibeba mpaka kwa mtu ambaye hakuwa na shida ya kumbukumbu hata kidogo, likanivurugia kazi. Huyo ndiye nataka kuwasimulia habari zake. Jina lake siliandiki. Ile sheria ya siri za mgonjwa inawahusu hata wafu, na ninyi nyote mlitia sahihi. Nitamwita Mzee Kofia, kwa sababu kofia yake pana ya kahawia haikumtoka kichwani, labda kwenye maji, na hapo tulijadiliana kwanza.

Nyumba yake ilikuwa Annandale, ya matofali, ndogo, imebanwa katikati ya majumba mawili mapya kama mtoto aliyekaa baina ya wajomba wanene. Mimi natoka Germantown alfajiri, nashuka ile barabara ya mia mbili na sabini, naingia barabara inayozunguka jiji, navuka mto, na nikifika nimeshachoka kama mtu anayetoka kazini. Mlango ulifunguliwa na bintiye, mama wa makamo, nitamwita Ruthi. Akaninong'oneza kwenye ukumbi, "Baba alikuwa mwimbaji. Muziki wa kantri, zamani sana, miaka ya hamsini. Ukimuuliza habari hiyo atafurahi."

Sasa mimi, kwa adabu za kwetu na kwa lile somo la Mama Neema, niliingia sebuleni na kusema kwa sauti kubwa, "Mzee, tunakujua sana. Kenya nzima inakujua."

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto, ule mkono umelala juu ya mto kama wa mtu mwingine aliyemwachia amshikie. Macho yalikuwa mazima.

"Wimbo gani?" akauliza.

Nikatafuta kichwani. Kantri sisi watu wa baridi ya Kinangop tumelelewa nayo, hamtaamini, harusi haikuisha bila hizo gitaa za kulia. Nikataja wimbo.

"Huo ni wa mtu mwingine," akasema. "Yeye alikuwa na basi lake la kulala ndani. Mimi nilikuwa na gari la mjomba." Kisha akageukia dirisha. "Nimewaimbia walevi miaka kumi na moja, Joe. Mtu anayepiga makofi huku anatazama saa, namjua hata nikiwa nimempa mgongo."

Siku nne hakunipa neno isipokuwa ndiyo na hapana. Ninyi vijana mtakutana na mgonjwa anayetukana, anayetema, anayeuma. Hao ni rahisi. Mgonjwa mgumu ni yule aliyekukamata na uongo mdogo siku ya kwanza, akakaa nao.

Kilichomfungua ni wembe. Mtu mwenye povu mashavuni anaongea, sijui kwa nini, labda kwa sababu hawezi kuondoka. Nikawa namnyoa polepole makusudi, na kwa wiki kadhaa nikayapata maisha yake kipande kwa kipande.

Alizaliwa kwenye milima ya makaa ya mawe, huko mwisho kabisa wa Virginia. Baba yake aliingia chini ya ardhi kila siku. Yeye akakataa kuingia, akamfuata mjomba wake Washington akiwa na miaka kumi na minane, akapata kazi ya kubeba karatasi kwenye ghala la kupiga chapa. Anasema mji wakati ule ulijaa watu wa milimani waliokuja kutafuta kazi, na Jumamosi wote walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kukumbuka kwao. Hapo ndipo alipowapata. Akawaimbia kwenye vilabu, na kwenye kumbi za wazima moto huko Maryland, ambako alasiri za Jumamosi meza zilisukumwa ukutani watu wakacheza. Bendi ilikuwa ya watu watatu: yeye na gitaa, kinyozi mmoja mwenye fidla, na jamaa wa besi, ile kubwa ya kusimamishwa, ambayo ilifungwa juu ya gari na siku moja ikang'oka darajani ikaangukia mtoni. Jamaa alitaka warudi kuitafuta. Mama yake Mzee Kofia alimshonea shati lenye nyota alizozikata kwenye pazia. Aliwahi kuonekana kwenye televisheni mara moja, nyimbo mbili. Ya pili ilikatwa katikati lipite tangazo la sabuni.

Na alirekodi santuri moja. Chumba cha kurekodia kilikuwa juu ya duka la samani, na anasema ukisikiliza vizuri utasikia mtu chini anafunga kabati. Wimbo ule aliutunga mwenyewe. Kampuni ikafungwa, santuri zilizobaki zikawekwa kwenye chumba cha chini, maji yakaingia. Yeye alikuwa na tatu. Moja aliazimisha, moja ilivunjika, ya mwisho mke wa kwanza aliondoka nayo akamwachia friji. Mzee anasema angependa ingekuwa kinyume. Baadaye vijana wakataka kelele za namna nyingine, kumbi zikapungua, naye akaendesha basi la shule karibu miaka thelathini. Siku moja aliimba kidogo akiwa kwenye usukani. Mtoto wa kiti cha mbele akamwomba azime redio.

Aliyasema haya bila kujionea huruma. Lakini kuna asubuhi nilikuwa namfuta povu la mwisho, akasema, "Wimbo ule haukukataliwa, Joe. Kitu kilichokataliwa angalau kimesikika. Ule haukumfikia mtu."  Kisha akasema anaweza kufa na mambo mengi, lakini hilo linamkaa kooni.

Nikasuuza wembe, maana nilikuwa nimeshajifunza kutosema.

Siku ya kuoga ilikuwa Alhamisi. Nimemweka kwenye kiti cha kuogea, nimepima maji kwa kiwiko, kofia iko kwenye ndoano anapoiona. Maji yakamgonga mgongoni, akaanza kuvumisha wimbo puani. Mikono yangu ikasimama.

Niliujua. Sikuwa na mashaka nao kama ambavyo mtu hana mashaka na sauti ya mlango wa kwao. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, na mawe yake ya betri yakiisha nguvu tuliyaanika juani juu ya bati yapate uhai kidogo wa Jumamosi. Jumamosi mchana kulikuwa na kipindi cha salamu kwenye redio ya Nairobi. Watu waliandika barua: namsalimu fulani, fulani na fulani, na wote waliotangulia mbele ya haki, naomba mnipigie wimbo. Na ule wimbo uliombwa sana na watu wenye msiba. Sisi tuliuita Wimbo wa Kiti. Kiingereza tulikuwa nacho kidogo, mwalimu wetu ndiye aliyetufasiria. Kijana ameenda mjini kutafuta kazi. Mama yake anakaa kwenye kiti barazani akitazama barabara. Siku moja barua inakuja kwa mwandiko wa jirani, na kile kiti barazani sasa ni kitupu. Na kijana anasema, naenda kituoni, kofia mkononi. Mama amekufa, mwalimu akasema, na kijana anapanda gari kwenda kuzika. Wanawake wa Kinangop waliuimba kwenye matanga wakiwa hawajui hata nusu ya maneno. Mama yangu alipofariki mimi niko huku, sina karatasi za kunirudisha, dada yangu alinipigia simu akaniambia walimwimbia Wimbo wa Kiti. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba niliyokuwa nafanya kazi nikauimba peke yangu.

Kwa hiyo nikaimba na yeye. Nikaupata pale kwenye barua, nikagonga ulimi kama tulivyozoea, nikaingia kwenye kiti kitupu.

"Funga maji," akasema Mzee Kofia.

Nikafunga.

"Umeruka."

"Sijaruka, mzee. Ndivyo ulivyo."

"Unanifundisha mimi? Umeruka mistari minne, na hiyo minne ndiyo wimbo wenyewe. Na hiyo sauti uliyoifanya na ulimi ni ya nini?"

"Ni ya wimbo."

"Hakuna kitu kama hicho kwenye wimbo wangu." Maji yalikuwa yanamchuruzika, na anatetemeka, nikamwekea taulo mabegani. Akasema taratibu, na afadhali angepiga kelele, "Umenisikia nikiuimba nikisinzia wiki hizi, umeokota vipande, sasa umevishona ili nifurahi. Wewe ni mtu mwema, Joe. Wema wako umenichosha."

Nikamweleza habari ya redio, na salamu, na matanga. Kila nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana nimetunga. Hata mimi nilijisikia kama muongo. Alipomaliza kuvaa alimwita Ruthi akamwomba apige simu ofisini, aletewe mhudumu mwingine. Wakakubaliana mimi nimalizie Ijumaa, mgeni aingie Jumatatu.

Nilitoka pale nikampigia Mama Neema. Alikuwa kwake Gaithersburg anakanda unga wa mandazi, maana Jumamosi ilikuwa sherehe ya Neema, bintiye, aliyemaliza masomo ya uuguzi. Nikamweleza yote mpaka kwenye wimbo.

"Wimbo gani huo?" akauliza.

Nikaanza. Hakunisubiri, akanipokea, kwa sababu redio ile ya Nairobi ilikuwa inasikika mpaka kwao Tanga. Akaenda nao vizuri, barua ikaja, na pale, kwenye simu, nikasikia anapiga kofi moja. Akaendelea na kiti kitupu.

"Mama Neema. Hilo kofi la nini?"

"Si ndivyo unavyoimbwa? Pale kwenye tk."

"Nani alikufundisha?"

"Baba Ciru, nani anamfundisha mtu redio? Redio ilikuwa inafanya tk, sisi tunapiga kofi."

 Kisha akacheka kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ufunguo alioutafuta uko mkononi mwake. Santuri ya redio, iliyofika Nairobi sijui kwa mkono wa nani, ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ilikuwa inafika pale, inagonga, inaruka. Miaka yote ile, nchi mbili, hatukuwahi kuusikia wimbo mzima, na hatukujua kwamba hatujausikia.

Nikataka niwapigie watu wote simu, niwapange. Mama Neema akakataa kabisa. "Usimwambie mtu. Yule mzee wako anajua watu waliopangwa, si umesema? Mlete tu. Asiwepo aliyejiandaa."

"Na wakiwa wamesahau?"

"Basi wamesahau, na wewe umeshafukuzwa tayari."

Sheria ya ofisi hairuhusu mhudumu kumpeleka mgonjwa kwenye sherehe zake. Mnaijua, na msifanye nilivyofanya. Lakini Jumamosi haikuwa zamu yangu, na Ruthi aliendesha mwenyewe. Nilimwambia ukweli wote siku ya Ijumaa mlangoni. Akasema, "Hajatoka nyumbani tangu mwezi wa tatu. Nitamwambia ni chakula tu."

Ukumbi ulikuwa ule wa jumuiya ya nyumba zao, Gaithersburg, wenye viti vya kukunja na zulia la rangi ya uji. Watu walikuwa kama sitini: Wakenya, Watanzania, jamaa wachache wa Kongo waliosoma na Neema, akina mama wawili wa Mombasa waliokuwa wanalinda sinia la pilau kwa macho. Vijana wamejaa upande mmoja wanaongea Kiingereza. Mzee Kofia aliingia kwenye kiti chake cha magurudumu, amenyoosha kofia, uso kama wa mtu aliyeitwa mahakamani. Aliponiona alimgeukia Ruthi. "Chakula tu," akasema. Ruthi akaangalia pembeni.

Nilikuwa na hofu, nawaambia. Hofu yangu haikuwa ya kazi, kazi ilikuwa imekwisha. Nilihofia kwamba watasimama wawili tu, watakwama, na yule mzee atarudi nyumbani akiwa na hakika kuliko alivyokuja.

Baada ya sala na hotuba, Mama Neema alinipa kipaza sauti. Nikasema kwa Kiswahili, mzee asielewe, "Waliovuka hamsini. Nani anakumbuka Wimbo wa Kiti, wa salamu?"

 Kijana mmoja akacheka. Nikaona mke wa binamu yangu anatazama sahani yake, nikasema basi, imekufa.

Ndipo mama mmoja wa Nyahururu, Mama Shiru, aliyekuwa amekaa kwenye kona na mjukuu magotini, akaanza bila kuinuka. Sauti nyembamba, ya kanisani. Mstari wa pili akaingia mzee wa Taveta anayeendesha teksi, siku zote nilijua ni mtu wa kunung'unika tu, kumbe ana besi. Wakaingia wa Moshi, akaingia Mama Neema na kijiko mkononi. Walikuwa kumi, labda kumi na wawili. Kiingereza chao kilikuwa cha kila namna. Barua ikaja.

Wote wakapiga kofi moja. Kiti barazani ni kitupu.

Vijana wakaangua kicheko kwa lile kofi. Mzee Kofia akainua mkono wake mzima. "Tena," akasema.

Wakaimba tena. Kofi, kiti. Akamwita Mama Shiru peke yake mbele, nikawa natafsiri. "Mwambie aimbe yeye tu." Akaimba, akapiga kofi. Akamwita mzee wa Taveta. "Mwulize anamjua huyu mama?"

"Leo ndiyo namwona," akajibu yule mzee. "Na ameshachukua kiti changu."

"Aimbe." Akaimba, akapiga kofi, mahali palepale. Mzee Kofia alikuwa anamtazama midomo kama anayetafuta uzi kwenye nguo. Akamtazama Ruthi, akanitazama mimi.

"Kuna mtu aliikwaruza santuri yangu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Ilikuwa mbovu, na wakaendelea kuipiga."

"Kila Jumamosi."

Mdomo wake ukatetemeka upande mmoja tu, ule ambao kiharusi hakikuuchukua. Mama Shiru aliliona hilo, na yeye ni mtu wa matanga, akamsogelea akamshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mzee wetu, kwa mama."

Nikamtafsiria.

"Mama yupi?"

"Wa kwenye wimbo. Aliyekufa."

"Nani kasema amekufa?"

Nikawaambia watu alivyosema. Wakatazamana. Mzee wa Taveta akasema, "Kiti si kitupu?"

Mzee Kofia akanikazia macho, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anataka kucheka na hana mahali pa kukiweka kicheko. Akasafisha koo. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, ya msasa, na alivuta pumzi kila maneno matatu. Aliimba ile mistari minne. Barua ya jirani inasema, mama yako ameuza ndama. Kuku ameniachia mimi. Jumanne alivaa viatu vyake vya kanisa. Amepanda basi, mkate uko mapajani, anakuja kukuona. Na kiti barazani sasa ni kitupu.

Wanaojua Kiingereza walielewa kwanza. Neema, mwenye sherehe, akaweka mkono mdomoni. Wengine wakanitazama, nikatafsiri mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa basi sauti yangu ikanigeuka, ikabidi Mama Neema amalizie.

"Kwa hiyo yuko kwenye basi," akasema Mama Shiru.

"Yuko kwenye basi."

"Na kijana anaenda kituoni kumpokea."

"Kumpokea."

Mama Shiru akakaa kwenye kiti cha karibu, mjukuu akamfuata. "Mwaka ule tulimwimbia mama mkwe, tukalia mpaka tukaishiwa," akasema. "Kumbe mwenzetu alikuwa safarini na mkate wake." Akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na wanawake wawili wa Mombasa, ambao hawakuwahi kuusikia wimbo ule maishani, wakaacha pilau wakaja kumshika. Mimi nilitoka nje kidogo, nikatazama magari. Wale ambao mama zao walizikwa bila wao wananielewa, na wasionielewa siwezi kuwaeleza.

Niliporudi walikuwa wanajifunza ile minne. Walipouimba mzima, mikono ya watu ilipiga kofi kwa mazoea, katikati ya ndama, wakaomba radhi. Mzee Kofia akatikisa kichwa. "Liacheni," akasema. "Hilo ni lenu."

Jumatatu asubuhi ofisi ilinipigia kwamba yule mhudumu mpya ameambiwa asije. Nikashuka barabara, nikavuka mto. Nilimkuta ameshaamka, miguu imening'inia kitandani. Nikasema ninachotaka kufanya kabla sijamgusa, nikapiga magoti kumvalisha zile soksi za kubana, ambazo mnajua ni kazi ya dakika kumi na jasho.

"Joe. Hizo barua za redio," akasema. "Zilikuwa na majina?"

"Majina ndiyo barua yenyewe, mzee."

"Nipe."

Nikampa. Njeri wa Kamau, kwa ajili ya mama yake. Mwalimu wetu, kwa ajili ya ndugu yake aliyeanguka na lori. Mama Wahu wa duka la unga, mara mbili. Baba yangu mwenyewe, mwaka shangazi alipofariki. Alifumba macho. Kila jina alilirudia vibaya, taratibu, na aliponiuliza huyu alikuwa nani nilimwambia ninachokijua, na nisichokijua nilisema sikijui. Wiki hiyo yaliisha niliyokuwa nayo, nikampigia dada yangu Kinangop, akakumbuka sita, na jirani yake akakumbuka wanne. Ningeweza kutunga mengine. Majina ya kwetu ni mengi, na asingejua. Asubuhi moja, nikiwa nimemaliza soksi ya kulia, nilimwambia yamekwisha, hakuna mengine.



"Basi anza mwanzo," akasema, akaninyooshea mguu wa pili.